Namna ya Kukwama: Gia za Mkono na Otomatiki Kwenye Barabara za Malindi na Kilifi

Mshindi wa Safari Rally ya mwaka 1979 alikuwa Shekhar Mehta, Mkenya, ndani ya Datsun 160J: gari dogo la gia za mkono, ambalo barabara za Afrika Mashariki zilikuwa zimeshalizoea. Hakuna aliyeshangaa. Cha kushangaza kilikuwa gari lililomfuata. Hannu Mikkola wa Ufini alishika nafasi ya pili na Mercedes-Benz 450 SLC 5.0, gari zito la kitajiri lisilo na kanyagio la klachi. Lilikuwa otomatiki, gia tatu tu. Desemba ya mwaka huohuo magari ya aina hiyo yalipelekwa Kodivaa kwenye mbio za Bandama, yakachukua nafasi nne za kwanza, Mikkola akiwa mbele ya wote. Mwaka uliofuata Vic Preston Jr, Mkenya mwingine, akaifikisha Mercedes hiyo nafasi ya tatu kwenye Safari.

Habari hiyo inafaa kutangulia kwa sababu Pwani bado wanaamini kwamba otomatiki ni gari la lami. Anayetaka kununua Prado iliyotumika, na akataja safari za Marafa au Sala Gate, atapewa ushauri uleule na dereva wa teksi, na fundi, na mjomba wake: tafuta ya gia za mkono, hizo auto zitakulaza porini. Ushauri wenyewe una maana. Sababu inayotolewa ndiyo mbovu. Otomatiki hailali porini kwa kukosa nguvu. Gari la Mikkola lilikwisha kulijibu hilo kwa maelfu ya kilomita za matope na mashimo. Kila giaboksi ina namna yake ya kuharibika, na mnunuzi wa Kilifi, ajue asijue, ananunua namna hiyo pamoja na gari. Hapo ndipo mhadhara huu utakapokaa.

Bandari ndiyo iliyoleta suala hili. Mombasa ina mikondo miwili ya magari ya njia mbovu. Mmoja unashuka melini kutoka Japani: magari yaliyotumika, yasiyozidi miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza, usukani kulia, kama masharti ya Kenya yanavyotaka. Japani imekuwa ikitoa leseni ya otomatiki peke yake tangu 1991, na madereva wake wengi hawana haja tena na klachi. Ndiyo maana Prado zinazoteremshwa hapo karibu zote ni otomatiki, na anayeitafuta ya gia za mkono kwa njia hiyo atasubiri sana. Mkondo wa pili hautoki melini ukiwa mzima. Kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa huunganisha Land Cruiser pikapu ya kizazi cha 70, ile ambayo polisi, miradi ya maji na mashirika ya misaada wameizoea: dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, gia tano, za mkono.

Kwa hiyo mara nyingi uchaguzi umeshafanywa kabla mnunuzi hajafungua mdomo. Mtu binafsi anayenunua gari lililotumika anapewa otomatiki; taasisi yenye bajeti ya gari jipya la kazi inapewa klachi. Hata leseni zimegawanyika hivyo. Mamlaka ya usafiri, NTSA, inaitenga B1, ambayo ni ya magari madogo ya otomatiki, na B2, inayoruhusu gia za mkono. Kijana aliyefundishwa kwa otomatiki anaweza kuwa na leseni halali mfukoni na bado asiruhusiwe kuiondoa ile pikapu ya mradi getini.

Gari moja, hata hivyo, linamwachia mnunuzi uhuru wa kweli, nalo ni dogo kuliko yote: Suzuki Jimny. Toleo lililozinduliwa 2018 lilitengenezwa kwa gia tano za mkono na kwa otomatiki ya gia nne, injini ileile ya lita 1.5, fremu ileile. Linafaa kuwa kipimo, na litarudi hapa chini.

Kwanza mchanga. Kaskazini ya Mto Sabaki, kuanzia Mambrui na vilima vyake vya mchanga hadi Ngomeni, ardhi imelegea na upepo wa kusi unaisogeza kila msimu. Ngomeni ndiko yalikorushwa maroketi kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, na satelaiti iliyopewa jina Uhuru ikapaa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Chombo kimefika angani kutoka mahali ambapo kwa miaka mingi gari la kawaida limekuwa likiomba dua kufika. Bara kidogo, upande wa Magarini na Marafa, mchanga ni mwekundu. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke kuna njia za mchanga mweupe ambazo wakati wa kiangazi huwa tifutifu kiasi cha kumeza nusu ya tairi.

Mchanga hautaki nguvu nyingi. Unataka nguvu isiyokatika. Gari likiwa juu ya mchanga laini ni sawa na gari linalopanda mlima wakati wote: mguu ukiachia kidogo tu, mwendo unakwisha. Dereva wa gia za mkono akitaka kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, lazima akanyage klachi, na kwa muda huo mfupi magurudumu hayapati chochote. Lamini muda huo hauhisiki. Kwenye kilima cha Mambrui unatosha kulizamisha gari. Sasa anatakiwa kuondoka upya akiwa ameshazama, na anafanya linalofanywa na kila mtu: anapandisha moto wa injini, anaiachia klachi nusunusu, anarudia, anarudia tena. Bamba la klachi linasuguana na gurudumu zito la injini bila kushika sawasawa, linapata moto, na baada ya muda ile harufu kali inaingia ndani ya gari. Abiria wote wanajua kilichotokea. Dereva peke yake ndiye anayesema ni breki.

Otomatiki haina bamba hilo la kuunguza kwenye kuondoka. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, na kazi yake hueleweka kwa feni mbili zinazotazamana: moja imewashwa, nyingine imezimwa, na upepo wa ya kwanza unaizungusha ya pili bila hizo mbili kugusana. Ndani ya konveta upepo huo ni mafuta. Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyelibuni wazo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili ya meli. Lina faida ambayo feni za nyumbani hazina: gari likiwa limesimama na injini inavuta, konveta huizidisha nguvu ya kuzungusha, kwa kawaida karibu mara mbili. Gia zinabadilika bila kuukata mvuto. Kwa sababu hizo mbili otomatiki inapita mchangani vizuri kuliko gia za mkono, mikononi mwa dereva wa kawaida. Mhadhiri huyu haoni mjadala hapo. Dereva hodari wa klachi anaweza kuifikia. Kuipita ni shida.

Lakini nguvu inayopotea ndani ya konveta haipotei bure, inageuka joto. Feni ya kwanza ikizunguka kwa kasi na ya pili ikiburura miguu, mafuta yanapikwa. Kwa mwendo wa kawaida hukaa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Mchanga mzito, mchana wa Februari, gari limebeba watu saba na mizigo, mguu chini na mwendo wa kilomita 15 kwa saa: hapo joto linapanda na kupita nyuzi 120, na mafuta yanaanza kupoteza uwezo wake. Hakuna harufu inayoingia ndani. Magari mengi yana taa ya kuonya, ila huwaka mambo yakiwa yameshaharibika. Gari linarudi Malindi likiendeshwa vizuri tu, linaoshwa, linasahaulika. Miezi mingi baadaye, pengine kwa mwenye gari mwingine kabisa, gia ya tatu inaanza kuchelewa kuingia.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na inastahili kusemwa waziwazi. Klachi huharibika hadharani, upesi, na kwa bei inayojulikana. Otomatiki huharibika kimyakimya, polepole, na bili yake huja kwa mkupuo. Anayelalamika kwamba otomatiki ni dhaifu kwa kweli analalamika kwamba haikumwambia mapema.

Tiba ya pande zote mbili inaanzia kwenye tairi. Kupunguza upepo kutoka psi 35 hadi 18 hivi kunaliwezesha tairi kulala na kukanyaga sehemu pana zaidi, na injini inapumua. Wenye otomatiki wana sababu zaidi ya kufanya hivyo, kwa sababu kila juhudi inayookolewa kwenye tairi ni joto lisiloingia kwenye mafuta. Kutumia gia za taratibu, zile madereva wanazoziita lo, kunasaidia vilevile: konveta haizunguki bure muda mrefu. Wengi wa wenye Prado mjini Malindi hawajawahi kuigusa swichi hiyo tangu walinunue gari. Kuhusu ufuo wenyewe, jibu ni kutoupitia. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa 1968, kasa hutaga mayai kwenye fukwe hizi, na tairi halijui palipofukiwa yai. Maji ya chumvi nayo humaliza kazi chini ya gari, liwe na gia gani.

Kwenye mteremko, Jimny inaweza kusema kwa hesabu. Katika lo, gia ya kwanza, ile ya mkono hupunguza mizunguko ya injini kama mara 36 kabla haijafika kwenye gurudumu. Ya otomatiki huipunguza kama mara 25 tu. Kwa kupanda, 25 hiyo si kasoro, maana konveta inaongeza yake juu, na wakati wa kuondoka otomatiki huwa na mvuto mkubwa zaidi. Kwa kushuka, konveta haiongezi kitu. Gari la gia za mkono linateremka likishikwa na injini, miguu ya dereva ikiwa imepumzika. La otomatiki linakimbilia mbele, breki zinashika, na kwenye udongo uliolowa gurudumu lililofungwa na breki ni gurudumu linaloserereka.

Pwani si nchi ya milima, lakini aliyetoka Kaloleni kwenda Rabai kwa njia za ndani wakati wa mvua ya mwaka anaijua miteremko hiyo. Ni mifupi na imekatika ghafla, utelezi wa udongo mwekundu juu na mtaro chini. Hapo klachi inastahili heshima yake yote. Magari mapya ya otomatiki yana kompyuta inayozibana breki kidogokidogo, kila gurudumu kivyake, na kazi inafanyika vizuri kuliko mguu wa binadamu. Hilo linadai vihisio vyote viwe hai. Gari lililoishi miaka kumi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni lina waya ambazo fundi wa umeme hapendi kuzifungua.

Matope hayahitaji maneno mengi. Udongo mweusi wa Tana Delta, ukishalowa, hufunga tairi la gari lolote, na kinachoamua ni meno ya tairi, uzito wa gari na kama kuna mtu wa kuvuta. Tofauti ni moja: kulitikisa gari mbele na nyuma ili lijinasue ni rahisi kwa otomatiki, lakini kila kuhama kutoka D kwenda R kabla gurudumu halijasimama kunakula vitu ndani ya giaboksi.

Maji yanataka uangalifu wa aina nyingine. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoliharibu daraja la Mbogolo, barabara kuu kati ya Kilifi na Malindi ilifungwa, na watu wakakumbushwa ni kiasi gani eneo hili linategemea vivuko vichache. Kwenye kijito kilichojaa, dereva wa gia za mkono anachagua gia kabla ya kuingia na haikanyagi klachi mpaka atoke. Akiikanyaga katikati, maji yanaweza kupenya kati ya bamba na sahani ya kubana, na klachi ikateleza. Ikikauka, inarudi. Kwa otomatiki, hatari iko kwenye kijibomba cha kupumulia. Giaboksi iliyopata moto ikizamishwa ghafla inapoa, inavuta hewa, na kama kijibomba kiko chini ya maji inavuta maji. Mafuta mekundu hugeuka waridi yenye ukungu, na nyuso za msuguano ndani huanza kubambuka. Hiyo haikauki. Kurefusha kijibomba mpaka juu ya injini ni kazi ya saa moja na mpira wa bei ndogo, na ni ajabu kwamba magari ya utalii yanafungwa taa tano za mbele kabla ya kufanyiwa hilo.

Mpaka hapa gari limekuwa mikononi mwa dereva. Likifika kwa fundi, mizani inageuka.

Klachi ya pikapu hubadilishwa chini ya mwembe. Wanahitajika watu wawili au watatu wa kuishusha giaboksi, jeki, magogo, na seti ya bamba, sahani na beringi, ambayo maduka ya spea ya Kilifi na Malindi huwa nayo au yanaagiza kutoka Mombasa kwa basi la jioni. Fundi wa Vitengeni au Lango Baya anaijua kazi hiyo tangu utotoni. Betri ikifa, gari linasukumwa na vijana, linawaka. Dizeli ya lita 4.2 ya pampu ya kizamani haiulizi kompyuta yoyote. Otomatiki haisukumwi ikawaka. Ikikwama na kuvutwa kwa kamba huku magurudumu yanagusa ardhi, bila boksi ya kugawa nguvu kuwekwa nyutro, giaboksi inazunguka bila pampu kuipelekea mafuta, na safari ya kuokolewa inakuwa ndiyo inayoiua.

Kuifungua otomatiki kunataka meza safi, kipimo cha presha, mashine ya kusoma makosa, na mtu aliyeiona ndani yake mara nyingi. Mafundi hao wapo, wengi wao Mombasa na Nairobi. Malindi na Kilifi, njia ya kawaida ni kuishusha nzima na kufunga nyingine iliyotumika, ile ya ex-Japan, yenye dhamana ya mdomo. Mnunuzi haelewi ilipikwa mara ngapi huko ilikotoka. Hapa ndipo ule ushauri wa mjomba unapopata uzito wake: zaidi ya kilomita 100 kutoka Malindi hadi Sala Gate ni safari ndefu kwa anayevutwa. Hata hivyo mjomba anasahau upande wa pili wa hesabu. Gari la mradi lenye madereva wanne wanaopokezana, kila mmoja na mguu wake, linaweza kula klachi moja baada ya nyingine, wakati otomatiki ya jirani, iliyobadilishiwa mafuta kila kilomita 40,000 na kuongezewa kipoza mafuta mbele, haijafunguliwa. Tofauti ni kwamba klachi hulipwa kutoka pesa ndogo za ofisi na otomatiki inahitaji kikao.

Dunia nayo imeshaegemea upande mmoja. Land Rover Defender ya zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016. Iliyorithi jina hilo haina toleo la gia za mkono kabisa. Agosti 2023 Toyota ilitangaza Land Cruiser ya kizazi cha 70 yenye injini ya lita 2.8 na otomatiki ya gia sita, gari lilelile ambalo kwa karibu miaka 40 limekuwa ngome ya klachi. Itakapozoeleka Pwani, swali halitakuwa tena kama pikapu ya otomatiki inaweza kufika Bamba. Litakuwa kama kuna fundi Kilifi mwenye mashine ya kuisoma.

Kwa anayenunua mwaka huu, hukumu ya mhadhiri huyu ni hii. Mwenye familia, makao yake Malindi au Watamu, safari zake ni Mambrui na Arabuko-Sokoke, achukue otomatiki bila hofu, na fedha ya kwanza aitumie kwenye kipoza mafuta na kubadilisha mafuta yenyewe, si kwenye rimu. Anayeishi na kufanya kazi Ganze, Bamba au ng'ambo ya Garsen, peke yake na gari lake, akiwa na leseni ya B2, ashike klachi. Waendesha watalii wa Tsavo wako katikati. Wakiendesha wenyewe, klachi inatosha. Wakiwaachia madereva wa msimu, otomatiki itawapunguzia hasara.

Otomatiki iliyotumika ikaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Kijiti cha mafuta kikitoka chekundu na kisicho na harufu, vizuri. Kikiwa cha kahawia na kikinuka kuungua, mnunuzi aondoke. Zile zisizo na kijiti zipandishwe juu na kufunguliwa plagi, muuzaji apende asipende. Gari la gia za mkono lijaribiwe likiwa limesimama: breki ya mkono juu, gia ya tatu, klachi iachiwe taratibu. Injini ikizima, klachi ni nzima. Ikiendelea kuunguruma, bei ishuke kwa gharama ya seti mpya na siku moja ya fundi.

Kisha la otomatiki lipelekwe mchangani kwa nusu saa, muuzaji akiwa ndani, na baada ya hapo gia zijaribiwe upya kwenye lami wakati mafuta yangali moto. Kuchelewa kuingia gia, au mshtuko mdogo kati ya ya pili na ya tatu, hujitokeza wakati huo na si kabla. Wauzaji wengi hupendekeza lipimwe kwa kuzungushwa kwenye barabara ya lami mjini, kukiwa na kiyoyozi na muziki.